Picha ya shosho imegeuka nyekundu, ni printa?

SWALI: Habari zenu. Mwaka jana niliprinti picha ya shosho hapa nyumbani, ikatoka fiti sana, nikaibandika ukutani sebuleni bila fremu. Saa hii shosho amekuwa mwekundu mwekundu na kitenge chake cha buluu kimeisha rangi, na jua halifiki hapo kabisa! Wino niliweka ni ule wa chupa wa bei ya chini. Ni printa imeharibika? – Msomaji, Umoja

JIBU: Pole sana dadangu, najua hio si picha tu. Printa yako haina makosa. Wengi wetu tunaogopa jua, na ni ukweli jua linapausha, lakini hewa nayo inakula picha. Moshi wa magari ukipigwa na jua unatengeneza ozoni, gesi inayokula rangi, alafu wino wa printa nyingi za nyumbani ni rangi iliyoyeyuka kama sukari kwa chai, haina kinga, na ile karatasi ya glosi inayokauka haraka iko na vitundu vidogo sana vinavyopitisha hewa mpaka kwa wino. Buluu ndio huenda kwanza, kinachobaki ni wekundu. Hata Marekani mwaka wa 2000 picha za printa ya Epson Stylus Photo 870 ziligeuka rangi ya chungwa kwa watu wengine ndani ya wiki chache tu, na huo ulikuwa wino wa kampuni yenyewe, sasa fikiria huu wa chupa isiyo na jina.

Kwa hivyo kioo. Mimi hapo sibembelezi mtu, picha ya ukutani iwekwe kwa fremu ya kioo, lakini iache ikauke siku nzima kwanza na isiguse kioo, itashikana. Ukipata printa ya wino wa pigimenti ni bora zaidi, hio rangi ni chembechembe, haiishi haraka, nyuma ya kioo inaweza kukaa miongo. Ama peleka studio wanaoosha picha kwa dawa, hizo pia hudumu. Za albamu hazina presha sana, giza linasaidia.

File ya shosho bado unayo? Kama iko kwa simu, weka nakala mahali pengine leo. Kama ilipotea, skani hio ya ukutani wiki hii, fundi wa kompyuta bado anaweza kurudisha buluu kiasi, ukingoja mwaka mwingine hatapata cha kurudisha.