Nguvu ya mtu na upande asiouona: kuhusu aina za haiba na msongo wa kazi

Ndugu, umeuliza kama majaribio ya aina za haiba yanaweza kueleza kwa nini mtu anayesifiwa kazini kwa utulivu hugeuka mtu mwingine kabisa mambo yanapobana. Nakujibu kwa niliyoyaona katika uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam, ninakosimamia watu wa nyaraka na wale wanaofuatilia mizigo bandarini. Yanaweza, ila si kwa namna ambayo wengi huyatumia.

Asili yake ni Carl Jung, daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi, aliyechapisha kitabu chake kuhusu aina za kisaikolojia mwaka 1921. Alieleza kwamba wapo ambao nguvu yao huelekea nje, kwa watu na matukio, na wapo ambao huelekea ndani. Kisha akataja kazi nne za akili, yaani kufikiri, kupima mambo kwa moyo, kupokea mambo kwa milango ya fahamu, na kung'amua yale ambayo bado hayajaonekana. Baadaye Wamarekani wawili, Katharine Briggs na bintiye Isabel Briggs Myers, waliyatumia mawazo hayo kutengeneza dodoso lenye aina 16, kila moja ikiandikwa kwa herufi nne. Watu wengi huishia kwenye herufi hizo, ilhali sehemu ya nadharia ya Jung yenye faida zaidi ni ile inayosema kwamba kazi ya akili ambayo mtu anaitegemea mno huiacha iliyo kinyume chake bila kukomaa, na hiyo isiyokomaa ndiyo huzuka kwa pupa anapochoka au kubanwa.

Nina kijana wa nyaraka ambaye hulinganisha ankara, orodha ya vifungashio na hati ya shehena tarakimu kwa tarakimu, na ni nadra sana uzito au idadi ya katoni ipishane mikononi mwake. Siku moja intaneti ya ofisini ilikatika, muda wa kontena kukaa bandarini bila malipo ukiwa unakaribia kwisha na mteja akipiga simu mfululizo. Mtu huyu, ambaye siku zote haamini neno lisilo na karatasi, akaanza kusadiki mabaya yasiyo na ushahidi wowote: kwamba mteja ameshahama, kwamba ofisi itafungwa, kwamba mwenzake aliyetoka nje kupokea simu alikuwa anamsema. Kwa maelezo ya nadharia, umahiri wake wa kuona kilichopo mbele yake ndio uliomnyima mazoezi ya kuwazia yajayo kwa kiasi.

Yupo pia dada mmoja anayewajua madereva wa malori hadi majina ya watoto wao, na kwa sababu hiyo hupata msaada ambao sisi wengine hatuupati. Upande asiouona ni kwamba huridhika na ahadi ya mdomo mahali panapohitaji maandishi. Akizidiwa, upole wake hutoweka, naye huanza kuhesabu makosa ya kila mmoja kwa ukali unaowashangaza waliomzoea.

Hata hivyo, nadharia hii ina mipaka, na ni haki uijue. Sifa za watu hazijagawanyika katika makundi mawili yaliyotengana. Wengi wako katikati, na mtu akirudia dodoso anaweza kupata aina tofauti, ndiyo maana watafiti wa saikolojia huegemea zaidi kipimo cha sifa tano kuu, ambacho humweka kila mtu mahali fulani kwenye mizani. Hata wachapishaji wa dodoso lenyewe wanasema lisitumike kuchagua waajiriwa. Kwa hiyo nakusihi sana usimwambie mtu kuwa kazi fulani haimfai kwa sababu ya herufi zake.

Dodoso hilo litumie kujiuliza ni kazi gani ya akili unayoitegemea zaidi, kisha uwaulize wanaokaa nawe kila siku ni dalili gani huwaonyesha kwamba umeanza kuzidiwa, maana wao huziona kabla yako. Kwa yule kijana, sasa shinikizo likipanda tunampa mzigo mmoja tu aushughulikie, tunamwandikia yanayojulikana na muda uliobaki, na simu za mteja anapokea mwingine.