Zinazosifiwa mno na zinazopuuzwa

Ndugu, umeuliza ni filamu na vitabu vipi vinavyosifiwa kupita stahili yake na vipi vilivyonyimwa haki. Kwa maoni yangu, filamu ya Avatar ya mwaka 2009 imepewa sifa nyingi mno: picha zake zinastaajabisha, sikatai, lakini ukiondoa mandhari hayo, hadithi inayobaki unaweza kuibashiri tangu mwanzo. Upande wa pili naiweka filamu ya 12 Angry Men ya mwongozaji Sidney Lumet ya mwaka 1957, ambayo wahakiki wanaiheshimu ilhali watazamaji wengi wa leo huikwepa kwa sababu tu haina rangi. Karibu yote inatokea ndani ya chumba kimoja, ambamo wajumbe 12 wa jopo la mahakama wanabishana juu ya uhai wa kijana mmoja. Lumet alianza na kamera iliyo juu ya usawa wa macho, kisha akaishusha kidogo kidogo huku akibadilisha lenzi, hadi kuta na dari zikaonekana kuwabana wahusika. Mimi niliing'amua hila hiyo nilipoitazama mara ya tatu. Kuhusu vitabu nitataja kimoja tu: The Alchemist cha Paulo Coelho kina mwanzo mtamu, ila mafumbo yake hujirudia hadi yakachosha.