Dole gumba la babu lilivyotupeleka mahakamani miaka mitatu

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Mzee wenu yuko Kongwa, ana miaka 84, kumbukumbu zinakuja na kupotea. Kaka yenu mkubwa ameshaandika wosia, anasubiri tu mzee abonyeze dole gumba, na wewe unauliza kama mkubali yaishe. Msikubali. Hayaishi, ndiyo kwanza yanaanza.

Babu yangu alikuwa na shamba la zabibu Mpunguzi, ng'ombe wachache, na kiwanja upande wa Ihumwa alichokipata enzi hizo kukiwa pori tupu. Serikali ilipohamia Dodoma na Mji wa Serikali ukajengwa pale Mtumba, madalali wakaanza kupiga hodi. Hapo ndipo baba mdogo, ambaye miaka yote tulikuwa tunamwona Krismasi kwa Krismasi, akaanza kuja kumsalimia babu kila Jumapili.

Babu alipofariki, siku ya kuanua matanga baba mdogo akatoa karatasi mfukoni. Karatasi ya daftari la mistari, imechanwa, mwandiko wake mwenyewe. Chini kuna dole gumba la wino wa bluu, limevutwa pembeni kama la mtu aliyekuwa anaondoa mkono. Kiwanja chote chake, shamba lake, bibi "atatunzwa". Bibi alikuwa amekaa mkekani palepale. Akauliza kwa Kigogo hiyo karatasi iliandikwa lini, akaambiwa mwezi fulani, siku fulani. Akasema siku hiyo nilikuwa jikoni nasonga ugali wa wageni, hakuna aliyeniita.

Shangazi akaweka pingamizi Mahakama ya Mwanzo. Hakimu hakuuliza mengi. Marehemu alijua kusoma? Hapana mheshimiwa. Mashahidi wawili hawa, wa ukoo ni nani? Kimya. Mmoja alikuwa rafiki wa baba mdogo, mwingine ni kijana wa bodaboda aliyemleta siku ile. Kijana wa watu akasema ukweli: hakusikia babu akitamka neno, aliambiwa asaini, akapewa elfu kumi ya mafuta.

Kumbe sheria ya mila iliyoandikwa mwaka 1963 imelieleza jambo hili wazi kabisa. Wosia wa maandishi wa mtu asiyejua kusoma unataka mashahidi wanne wanaojua kusoma na kuandika, wawili wa ukoo na wawili wa nje, wote wawepo pamoja. Anayejua kusoma wanamtosha wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje. Mke aliyepo nyumbani naye ashuhudie. Uandikwe kwa wino, uwe na tarehe. Na kama akili ya mzee imevurugwa na ugonjwa, hata mkileta mashahidi ishirini haufai. Wosia wa baba mdogo ukaanguka.

Ila kuanguka kwake hakukutupa raha. Akakata rufaa, tukazungushana miaka mitatu. Mzabibu wa Dodoma unapogolewa na kuvunwa mara mbili kwa mwaka, unataka dawa, unataka maji, hausubiri hukumu. Pampu ikaibwa. Nusu ya mizabibu ikafa. Bibi alikuwa anaenda kukaa kivulini shambani, anarudi haongei.

Halafu ikaja hoja kwamba shangazi ni mwanamke, ardhi ya ukoo haimhusu. Ni kweli ile sheria ya 1963 inawaweka mabinti daraja la mwisho, lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu. Shangazi alipata sehemu yake. Bibi kwa mila hiyo hahesabiwi mrithi. Kilichomwokoa ni jasho. Majirani walithibitisha kuwa lile shamba walilianzisha wote wawili, basi sehemu yake ikatengwa kwanza, kilichobaki ndicho kikaitwa mirathi.

Sasa nyinyi. Kama mzee ana siku anazokuwa timamu, mpelekeni hospitali daktari aandike hali yake, kisha mwiteni mchungaji au mwenyekiti wa kitongoji na watu wa ukoo wasiorithi chochote. Mzee aseme mwenyewe, kwa lugha anayoiweza, kaka yako akiwa nje. Nakala mnaweza kuihifadhi RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini wa serikali, wao pia wanasaidia kuandika. Kama ni Waislamu utaratibu ni mwingine, wosia hauvuki theluthi moja na haumpi mrithi juu ya fungu lake, waoneni masheikh.

Kama siku hizo hazipo tena, acheni. Kufa bila wosia si mkosi. Mtakaa kikao cha ukoo, mtaandika muhtasari, mtamteua msimamizi, mtaenda mahakamani na cheti cha kifo. Msimamizeni vizuri huyo msimamizi, maana wengi wakishapata barua ya usimamizi wanajiona wamerithi vyote. Ana miezi minne kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni, ile fomu namba tano. Asipopeleka, rudini mahakamani, mwaweza kuomba aondolewe. Wakili si lazima, wilayani wapo wasaidizi wa kisheria wasiolipisha.

Na kaka akibadili gia akataka mzee agawe nyumba sasa hivi angali hai, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenza kwa nyumba ya familia. Hapo ndipo nimekwama na maelezo yako, mkuu. Umemtaja mzee, kaka, dada wa Morogoro, hadi shemeji. Mama yenu yuko hai? Na siku karatasi hiyo inaandikwa, alikuwa wapi?