Nyumba ya uzeeni: mchoree mwenye miaka 78, si mstaafu wa 60

Mambo huwa hivi. Mkupuo wa mafao ya kustaafu unaingia benki, msingi wa nyumba ya vyumba vitano unachimbwa kijijini, boma linapanda mpaka kwenye linta, hela inakata. Miaka inapita, boma limeota majani ndani na mwenye nyumba amejibana kwenye vyumba viwili vilivyoezekwa haraka haraka. Watu husema mafao yalikuwa kidogo. Mara nyingi ni kweli, lakini kosa lilianza kwenye ramani. Mtumishi wa umma anastaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, au kwa hiari akiwa na 55. Bado ana nguvu, anapanda bodaboda, anabeba ndoo, na anajenga nyumba ya mtu wa aina hiyo. Atakayeihitaji hasa ni yeye huyo huyo akiwa na miaka 78, goti bovu, jicho lina ukungu, usiku anaamka mara tatu kwenda haja ndogo.

Kwa hiyo, kabla ya kubishana mjini au kijijini, chukua kila mahali unapopafikiria uulize mambo manne: maji yanatoka wapi mwezi wa kumi, choo kiko hatua ngapi kutoka kitandani, hospitali yenye daktari iko umbali gani saa nane usiku, na nani atasikia ukiita. Penye majibu ya yote manne, hata kama ni chumba na sebule Mbagala, pana nafuu kuliko jumba la vioo lisilo na hata jibu moja.

Kijiji usikipime Desemba. Moshi na Rombo mwezi huo magari ya Dar yamejaa mpaka migombani, kila nyumba ina watu, nyama inachomwa, na mtu anaapa kwamba akistaafu hakai tena mjini. Nenda Aprili. Barabara ni tope, gari limeishia kwenye lami, watoto wa jirani wako shule, na waliobaki ni wazee wenzako. Waliotoka Makete au Njombe waende Juni au Julai, wasikie baridi ile inavyoingia kwenye viungo baada ya miaka thelathini ya joto la Dar. Panga chumba pale kwa msimu mzima kabla hujanunua hata tofali. Kodi ya miezi mitatu kijijini ni ndogo kuliko lori moja la mchanga.

Tuje kwenye matibabu. Zahanati ya kijiji itakusaidia malaria na kidonda, lakini presha na kisukari vinataka kliniki ya kila mwezi, vipimo, na dawa zisizokatika. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, uliza dirisha la dawa kama dawa zako, kwa majina yake, zipo wiki hiyo na zilikuwepo mwezi uliopita. Uliza gari la wagonjwa linakaa wapi na mafuta yake nani anaweka. Kisha fanya safari yenyewe: toka nyumbani hadi hospitali ya wilaya kwa usafiri wa kawaida, ukiwa na saa mkononi. Ikizidi saa moja mchana wa kiangazi, ujue usiku wa masika ni safari nyingine kabisa, na kiharusi hakisubiri.

Anayechoma insulini aangalie pia umeme. Chupa ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa zikae kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, zisigande. Ile inayotumika inavumilia takriban wiki nne nje ya friji, mradi joto lisivuke 30, na sehemu nyingi za Pwani, Kyela au Dodoma joto la Oktoba linavuka hapo mchana. Pasipo na friji ya kutegemewa, chungu cha udongo ndani ya chungu kikubwa zaidi, katikati mchanga uliolowanishwa, kinashusha joto; kiweke kivulini penye upepo na mchanga uloweshwe asubuhi na jioni. Kwenye unyevu mwingi wa mwambao mbinu hii inafanya kazi kidogo sana, maana maji hayakauki. Huko tafuta friji.

Sasa nyumba yenyewe, na tuanze na choo, maana huko ndiko wazee wanakoangukia. Choo cha nje, hatua ishirini kutoka mlangoni, kibaki kwa wageni na misiba. Chako kiwe ndani, mlango wake ukitazamana na kitanda. Shimo likae nyuma ya ukuta huo huo, bomba la inchi 4, mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita. Harufu huja kwa sababu fundi amesahau kona ya maji (bomba lililopinda ili maji yabaki yazuie harufu) au bomba la kupumulia, na si kwa sababu choo kimekaribia chumba.

Mlango wa choo mafundi hupenda kuuacha sentimita 70. Kiti cha magurudumu hakipiti, na mtu anayeshikwa pembeni na mwenzake hapiti. Acha uwazi wa 90 kwenye tofali. Ukishatoa unene wa fremu utabaki na karibu 80. Na ufungukie nje. Hili fundi atabisha, atasema halipendezi. Mwambie mzee akianguka ndani, mwili wake utauziba mlango unaofungukia ndani, na mtabaki mnavunja ukuta huku yuko sakafuni. Komeo liwe la kufunguka kwa nje pia.

Kiti cha choo cha kawaida kina kama sentimita 40 kwenda juu. Mwenye magoti mabovu anahitaji 45 hadi 48. Kabla ya kukifunga, mwaga zege la sentimita 6 chini yake, kazi imekwisha. Cha kuchuchumaa mzee hatakiweza milele, hata kama leo anakipenda. Pembeni weka chuma cha kushikia, sentimita 70 hadi 80 kutoka sakafuni. Bomba la chuma la inchi 1 linatosha vizuri kiganjani. Tatizo ni jinsi linavyofungwa: skrubu na plastiki ndani ya plasta hukaa miezi michache, kisha siku mzee anayumba, linang'oka na yeye analifuata. Toboa mpaka ndani ya tofali, miguu ya chuma iingie sentimita 10, ujaze zege, uache siku saba bila kuguswa. Halafu kijana wa kilo 80 aning'inie. Likicheza, rudia.

Vigae vya sentimita 60 kwa 60 vinavyong'aa viishie sebuleni kwa ajili ya picha. Bafuni weka vidogo vya 30 kwa 30, vyenye ukwaru, kwa sababu mistari ya katikati nayo inashika unyayo. Sakafu ya kuogea isiwe na kizingiti. Mteremko wa sentimita 2 kwa mita unatosha kupeleka maji kwenye tundu. Kiti cheupe cha plastiki, kile cha kwenye harusi, miguu yake hutanuka kwenye sabuni na kupasuka. Jengea benchi la zege ukutani, kimo cha 45, lipigwe sakafu ya ukwaru. Koki ziwe za mkono mrefu wa kusukuma. Za kuzungusha zinashinda vidole vyenye baridi yabisi.

Ngazi ni hesabu tu. Kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za mteremko ili kiti cha magurudumu kipande bila kusukumwa na wanaume wawili. Baraza la kimo cha 45 kwa hiyo linadai mteremko wa mita 5.4, na viwanja vingi havina nafasi hiyo. Ndiyo maana msingi ushushwe mapema, maji ya mvua yazuiwe kwa mtaro, badala ya kuinua nyumba kama ghala. Ukishindwa, weka vipandio vya sentimita 15, kina cha 30, vyuma pande zote mbili, na ncha ya kila kipandio ipakwe rangi ya njano. Mwenye mtoto wa jicho haoni pa kukanyaga kwenye saruji iliyo rangi moja.

Choo cha ndani kinakula maji. Ukimwaga kwa ndoo, kila mara ni kama lita 6. Watu wawili, mara tano kila mmoja, ni lita 60 kwa siku. Ongeza kupika na kuoga, hesabu 100. Simtanki la lita 5,000 ni siku 50 tu, na Dodoma kiangazi kinakaribia miezi saba. Bati la mita za mraba 80 likipata mvua ya milimita 500, ukitoa robo au moja ya tano ya kupotea, linakupa lita 30,000 hadi 32,000 kwa mwaka. Sehemu kubwa ya maji ipo, kinachokosekana ni pa kuyaweka. Tangi la zege chini ya ardhi la lita 20,000 lijengwe kabla ya chumba cha tatu cha kulala. Tena usisahau: ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Nunua za lita 10.

Kinachobaki ni watu, na hapa ndipo wengi wanajidanganya. "Watoto wapo" si mpango. Mtoto gani, siku zipi, na mume au mke wake anajua? Mgonjwa wa kitandani anageuzwa kila saa mbili, usiku na mchana, la sivyo anapata vidonda mgongoni na visiginoni. Hakuna dada wa kazi mmoja anayeweza hilo peke yake. Ataumia kiuno au ataondoka mwezi wa pili. Ni watu wawili kwa zamu. Pampasi za watu wazima ni tatu au nne kwa siku, yaani 90 hadi 120 kwa mwezi. Weka bei ya dukani kwako hapo, uilinganishe na pensheni. Baada ya hesabu hiyo, chumba cha tano cha wageni kinapoteza utamu wake.

Pesa ya chumba hicho ijenge vyumba viwili vya kupangisha, mlango wake mwenyewe, ukuta mmoja na chumba chako. Mwalimu au nesi kijana akipanga hapo, una kodi na una sikio la usiku. Ukiamua kukaa kwa mtoto, omba chumba cha chini chenye choo chake na, mkiweza, jiko lako dogo. Ugomvi wa mama mkwe na mkwe karibu wote huanzia kwenye sufuria. Ghorofa ya tatu bila lifti ni kifungo, hata kama mandhari ni bahari.

Jiko la kuni ndani ya chumba lisiwepo. Moshi unaharibu kifua na kuyafanya macho yawe mekundu, na kwenye baadhi ya maeneo ya Kanda ya Ziwa macho mekundu ya bibi yamewahi kuwa sababu ya kushukiwa uchawi na hata kuuawa. Mtungi wa gesi, au jiko lenye dohani, ni kinga kwa namna mbili.

Ardhi. Nyumba iliyojengwa kwenye kihamba cha Uchagani au shamba lolote la ukoo wa mume inampa mjane wasiwasi siku arobaini za msiba hazijaisha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila kuandikwa majina ya wanandoa wote wawili. Fanyeni hivyo mkiwa hai wote. Kijiji kiwe na cheti cha ardhi na masjala; muulize mtendaji kabla hujalipa chochote. Ukigawiwa eneo na serikali ya kijiji, dai muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ulioridhia, si barua ya mwenyekiti peke yake. Nyumba ya mjini, kama ipo, isiuzwe kumalizia ya kijijini mpaka mwaka mzima wa kuishi huko upite. Na Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, ingawa wanunuzi wengi hawaulizi.

Makazi ya serikali kama Nunge Kigamboni, Kolandoto Shinyanga au Fungafunga Morogoro, na Sebleni na Welezo kule Unguja, ni ya wazee wasio na mtu wa kuwatunza. Njia yake ni ofisi ya ustawi wa jamii.

Mwenye nia ya kuhamia kijijini ahame mapema, 60 au 62, akiwa bado anaweza kuchimba kaburi la jirani, kuchangia msiba, kuingia kwaya au kukaa safu ya mbele msikitini. Atakapozidiwa, watu watamjua. Anayerudi na miaka 75 baada ya miaka arobaini ya mjini anapokelewa kwa heshima zote, lakini ni mgeni, na vijana wa pale hawajui hata jina lake la utotoni. Huyo, kama mtaani kwake mjini anafahamika na hospitali iko daladala moja, afunge vyuma vya chooni hapo hapo alipo, aongeze taa ya jua ya ukumbini inayowaka yenyewe mtu akipita, na kijijini aende Krismasi na Idi.