Swali la lugha: Je, popo "anaumwa" Marburg?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, Masaka. Mwanafunzi wangu ameandika kuhusu Marburg, ugonjwa wa virusi wa jamii ya Ebola: "Popo wanaumwa Marburg na virusi inaambukiza watu wanaoingia pangoni." Nimeikosoa mahali pawili, "wanaumwa" na "inaambukiza", lakini mwenzangu wa baiolojia anasema nimemwonea mtoto. Nani yuko sahihi?

JIBU: Wewe, mwalimu, ingawa ajabu ni kwamba kosa kubwa ndilo lililopaswa kuonwa kwanza na huyo wa baiolojia.

Dogo tulimalize haraka. Neno "virusi" tumelikopa, ila lilikuja na "vi" mwanzoni, likaingia katika ngeli ya KI-VI bila kubisha hodi: kirusi kimoja, virusi vingi, virusi vinaambukiza. "Virusi inaambukiza" utaisikia Kampala nzima, stendi na sokoni, na huko sina ugomvi nayo. Katika insha, kata alama.

Sasa "wanaumwa". Kuumwa au kuugua ni mwili kusumbuka: homa, kutapika, kulazwa. Popo wala matunda wa lile pango la chatu katika msitu wa Maramagambo, magharibi mwa Uganda, hubeba virusi vya Marburg bila kuonyesha ugonjwa wowote. Wanaruka, wanakula, wanazaa. Walioumwa ni wachimba madini wa mgodi wa Kitaka, mwaka 2007, ambao kazi yao iliwaingiza kwenye makao ya popo wa aina hiyo. Kwa hiyo popo wana virusi. Wachimbaji waliambukizwa, kisha wakaugua. Usiruke hilo la katikati. Aliyeambukizwa Ebola anaweza kukaa siku 2 hadi 21 kabla dalili hazijaanza, na muda wote huo "anaumwa" ni uongo. Zika, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, ndiyo kabisa: wengi wanaoambukizwa hawaugui. Kinyume chake, yule kima aliyewekwa kizimbani katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe, ambaye virusi hivyo viligunduliwa kwake mwaka 1947, alipandwa na homa. Huyo unaweza kumwandikia "aliugua" bila wasiwasi.

Nyongeza ambayo hukuiuliza, lakini magazeti yananichosha nayo: "ameambukizwa na Marburg". Baada ya kitenzi cha kutendwa, "na" humtaja mtendaji. Mchimbaji aliambukizwa Marburg na popo. Muuguzi akaambukizwa na mgonjwa. Jina la ugonjwa, likifuata "kuambukizwa", halihitaji hiyo "na".

Mwanafunzi wako basi aandike: "Popo wana virusi vya Marburg, na virusi hivyo huambukiza watu wanaoingia pangoni." Kama anataka kuongeza mbu wa Zika, aseme mbu anaeneza au anasambaza virusi. "Anaambukiza" si kosa, mradi amtaje anayeambukizwa.

Na akifika kwenye mimea, neno "kuumwa" aliache kabisa. Miaka ya 1990 mihogo ya Uganda iliharibiwa vibaya na batobato, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na nzi weupe na pia kwa kupanda vipando vilivyokwisha kuambukizwa. Muhogo hushambuliwa, au hupatwa na batobato. Majani hujikunja na kupata mabaka ya manjano. "Kuambukizwa" nako kunaufaa, kwa sababu virusi vimeuingia kweli.