Maswali na Majibu: Majeshi Matatu, Amri Moja

*Kila jeshi lina kamanda wake. Vitani nani humsikiliza nani? – Mama wa kuruta, Lanet, Nakuru*

Asante mama. KDF, yaani Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, ina majeshi matatu: la nchi kavu, la wanahewa na la wanamaji. Kila kamanda huandaa watu wake, yaani huwafunza na kuwapa vifaa. Juu yao yuko Mkuu wa Majeshi, anayeamuru yote matatu na kumshauri Rais, Amiri Jeshi Mkuu. Katika operesheni ya pamoja, kila jeshi hutoa watu, nao huwekwa chini ya kamanda mmoja.

Hilo Marekani walijifunza kwa damu. Aprili 1980 walijaribu kuwaokoa mateka wao Iran kwa kikosi kilichoungwaungwa kutoka majeshi tofauti. Jangwani, helikopta iligonga ndege ya mizigo, wakafa wanajeshi 8. Sheria ya 1986 ikaamua kwamba amri za vita zitoke kwa Rais, zipitie kwa Waziri wa Ulinzi, zimfikie kamanda wa eneo la mapigano. Wakuu wa majeshi mojamoja wakabaki na kazi ya kuandaa askari. Uingereza nayo ilifungua makao makuu ya pamoja ya majeshi yake huko Northwood mwaka 1996.

Sisi tuna mfano wa Kismayu, mji wa bandari wa Somalia, Septemba 2012: wanajeshi wetu walishuka ufuoni kutoka melini huku wenzao wakisonga kwa nchi kavu. Bila amri moja, hao wangeweza kufyatuliana risasi wao kwa wao.

*Mtu wa ndege atawaamuruje askari wa miguu? – Mwalimu, Kondele, Kisumu*

Mwalimu, tazama waliokalia kiti cha Mkuu wa Majeshi karibuni. Jenerali Robert Kibochi alitoka nchi kavu. Jenerali Francis Ogolla, mwana wa Siaya aliyemrithi mwaka 2023, alikuwa rubani wa ndege za kivita. Tulimpoteza kwa ajali ya helikopta tarehe 18 Aprili 2024, na huku kwetu kidonda hakijapona. Jenerali Charles Kahariri aliyemfuata ni mwanamaji. Mkuu halengi mzinga mwenyewe. Anao maafisa wa kila jeshi wa kumshauri. Kwangu mimi mzunguko huu ni mzuri, kwani hakuna jeshi linalojiona ndilo mwenye nyumba.

*Je, wanamaji wa KDF ndio wanaolinda ziwa letu? – Mvuvi, Dunga*

Hapana ndugu yangu. Jukumu la kulinda Ziwa Victoria ni la Walinzi wa Pwani, walioundwa kwa sheria ya mwaka 2018. Wako chini ya wizara ya usalama wa ndani, hawamo katika KDF.

*Jeshi likiletwa mtaani, nani huidhinisha? – Kijana, Kakamega*

Kifungu cha 241 cha Katiba kinatenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kukiwa na mafuriko au maporomoko, jeshi husaidia na kushirikiana na idara nyingine, na Bunge la Taifa hupewa ripoti. Kukiwa na ghasia, haliwezi kutumwa kurejesha amani bila idhini ya Bunge hilo. Malori ya kijeshi yakipita kwenu, una haki ya kumuuliza mbunge wako ni lipi kati ya hayo.