Taa ya Swichi Haiwaki: Kebo au Mpangilio?

SWALI: Ofisi yetu ipo Ngamiani, Tanga. Chini kuna swichi ya mtandao (kifaa cha kuunganisha kompyuta kwa kebo) ya zamani ya poti 8, mwendo wa megabiti 100 kwa sekunde. Juu tulifunga mpya, ile ya kupangwa kwa kompyuta, na zilikuwa zinawasiliana vizuri kwa kebo ya kawaida. Wiki iliyopita fundi aliifunga poti ya juu kwenye 100 ful-dupleksi (kutuma na kupokea kwa wakati mmoja) "isije ikayumba". Tangu hapo taa haiwaki, naye anataka tununue krosova, kebo yenye jozi za waya zilizopishanishwa. Tumsikilize?

JIBU: Hapana, weka pesa mfukoni. Kebo yenu ni nzima.

Kwenye mwendo wa megabiti 10 na 100, kompyuta hutuma kwa pini 1 na 2, hupokea kwa 3 na 6. Swichi imepangwa kinyume chake, ndiyo maana zinapatana kwa kebo iliyonyooka, yaani ile ya kawaida, pini 1 kwa 1, 2 kwa 2. Swichi kwa swichi ni mdomo kwa mdomo, sikio kwa sikio. Krosova huzigeuza jozi hizo. Swichi mpya hugeuza yenyewe ndani, kazi iitwayo Auto MDI-X. Husikiliza kwa sehemu ndogo ya sekunde, isiposikia kitu hubadili upande. Ncha moja ikiwa nayo inatosha, na hapo kwenu ilikuwa ya juu. Tatizo ni kwamba kwenye swichi nyingi kazi hiyo hutegemea oto, yaani vifaa kukubaliana vyenyewe kasi na dupleksi: ukifunga mwendo kwa mkono, nayo inazimika.

Sasa tuseme mmenunua krosova. Taa itawaka, fundi atalipwa, na balaa ndipo litakapoanza. Swichi ya chini ikiwa oto haitapata tangazo lolote kutoka juu. Itatambua kasi ya 100 tu, kisha itaangukia hafu-dupleksi (kutuma na kupokea kwa zamu), kama kanuni inavyotaka. Ya juu itatuma wakati wowote. Ya chini itaona mgongano na kukatiza pakiti (vipande vya data). Ping (jaribio dogo la mawasiliano) itapita vizuri, lakini faili kubwa litajikokota, na hesabu ya makosa kwenye poti ya juu itapanda.

Rudisheni poti ya juu kwenye oto, kasi na dupleksi vyote viwili. Subirini sekunde chache, kisha hakikisheni imeandika 100 ful.

SWALI: Nimebana krosova mwenyewe hapa Pongwe. Testa (kipima kebo cha taa) inawasha 1 na 3, 2 na 6. Nimekosea?

JIBU: Hujakosea, krosova ndivyo inavyosoma. Kagua rangi tu. Ncha ya kwanza: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, buluu, buluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Ncha ya pili, chungwa na kijani zinabadilishana nafasi, buluu na kahawia hazisogei.

Kosa linalotuchosha ni la kupanga rangi jozi kwa jozi, kijani zote mbili zikae 3 na 4. Testa ya taa itapitisha, kwa sababu inapima kama waya umefika, haijui umesokotwa na upi. Pini 3 na 6 lazima ziwe jozi moja, la sivyo mawimbi yanaingiliana na kebo ndefu inakatakata. Msokoto nao usifunguliwe zaidi ya milimita 13 kabla ya kichwa cha RJ45, kile cha plastiki kinachoingia kwenye poti.

Ila kama vifaa vyako ni vya gigabiti, hiyo krosova huihitaji. Karibu vyote hugeuza vyenyewe.